Kitanda Usichokilalia Hujui Kunguni Wake: Wakazi na Mpango wa Usafi wa Kijiji

Ikiwa uko jikoni, dukani, shambani au kwenye matatu, sogea karibu na redio. Na wewe unayeyasoma mazungumzo haya katika kijitabu, wasomee na wenzako, kwa maana jambo la leo mtu mmoja hawezi kulifanya peke yake.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Siku nyingi tunazungumza hapa juu ya ugonjwa na dawa yake. Leo nataka tuzungumze juu ya mahali ugonjwa unapotoka: kisima, mtaro, jalala, choo, na ile njia ya porini ambayo kila mtu anaijua lakini hakuna anayeitaja barazani. Tutauliza swali moja tu: nani apange jinsi ya kusafisha mahali hapo?

Kwa nini ugonjwa unarudi

Mama analeta mtoto zahanati. Mtoto anahara, macho yameingia ndani, hana nguvu ya kunyonya. Tunampa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, na vidonge vya zinki vya siku kumi hadi kumi na nne. Mtoto anapona, mama anashukuru, wanakwenda nyumbani. Baada ya wiki tatu mama yule yule yuko kwenye benchi, na mtoto yule yule yuko mgongoni.

Dawa ilifanya kazi yake. Lakini mtoto alirudi kwenye maji yale yale, nzi wale wale na uwanja ule ule anaotambaa. Kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo na minyoo mingi ya tumbo, yote haya husafiri kwa njia moja: kinyesi cha mtu mmoja kinaingia kinywani mwa mwingine. Kinapita kwenye maji, kwenye mikono, kwenye chakula, kwenye miguu ya nzi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini mwezi wa Oktoba 2022 na kuendelea mwaka 2023 ulitukumbusha kwamba ugonjwa huu haujali mipaka ya kaunti wala unene wa mfuko wa mtu. Jirani yako akiwa hana choo, choo chako kizuri hakikukingi vya kutosha.

Ndiyo maana usafi wa mazingira ni jambo la kijiji kizima. Na jambo la kijiji kizima hupangwa na kijiji kizima.

Choo kizuri kisichotumika

Pengine umewahi kuona choo cha mradi. Kimejengwa kwa mawe, kimepakwa rangi, kina bati na mlango wa chuma. Siku ya kufunguliwa palikuwa na hema na hotuba. Ukipita hapo baada ya mwaka mmoja, unakuta mbuzi wamelala ndani, au mwenye boma ameweka magunia ya mahindi.

Mgeni akiona hivyo husema watu wa hapa hawapendi usafi. Lakini ukikaa chini na wenyeji ukawauliza taratibu, unapata majibu ambayo hayakuandikwa katika karatasi za mradi.

Mmoja atakuambia: "Choo ni kimoja bomani. Katika mila yetu mke wa mwanangu hawezi kuingia choo ninachoingia mimi baba mkwe." Jambo hili lipo katika jamii nyingi za Kenya, Pwani na Magharibi pia. Ukijenga choo kimoja kwa boma lenye mzee, wana na wake zao, umejenga choo cha mzee peke yake.

Mwingine atasema: "Tundu ni kubwa, mtoto wangu wa miaka minne anaogopa kutumbukia." Mwingine: "Kiko karibu na njia ya sokoni, mwanamke akiingia kila mtu anamwona." Mwingine: "Udongo wetu ni mchanga mtupu. Mvua ya kwanza tu, kuta za shimo zinaanguka." Na mwingine: "Ufunguo uko kwa mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti anakaa mjini."

Kila jibu hapo ni la kweli, na kila moja lina dawa yake. Choo kinaweza kugawanywa vyumba viwili vyenye milango inayotazama pande tofauti, au yakachimbwa mashimo mawili. Tundu la mtoto linaweza kufanywa dogo. Shimo la mchanga linaweza kuzungushiwa mawe, fito au pipa lisilo na vitako. Ufunguo unaweza kukaa kwa mama anayeishi hatua kumi kutoka hapo. Hakuna dawa hata moja kati ya hizo inayohitaji fedha za kigeni. Kilichohitajika ni mtu wa kuuliza kabla ya kuchimba.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Afisa wa afya anajua vijidudu. Fundi anajua saruji. Lakini anayelala katika kitanda hiki ni wewe, na kunguni unawajua wewe.

Funzo lililofika Kilifi mwaka 2007

Wacha niwaeleze habari ya njia moja iliyobadilisha namna kazi hii inavyofanywa.

Huko Bangladesh, kwa miaka mingi, mashirika yalikuwa yakiwasaidia watu wa vijijini kwa vifaa vya kujengea vyoo. Vyoo vilijengwa, lakini watu wengi waliendelea kwenda haja nje. Kati ya mwaka 1999 na 2000, mtaalamu kutoka India aitwaye Kamal Kar alikuwa akichunguza mradi mmoja wa namna hiyo katika eneo la Rajshahi. Badala ya kuwapelekea wanakijiji vifaa, yeye na wenzake waliwaomba wenyewe wachunguze kijiji chao: nani anakwenda haja wapi, na kinyesi hicho kinaishia wapi. Wanakijiji walipoona ukweli kwa macho yao, waliamua wenyewe kuacha, na wakachimba vyoo kwa nguvu zao. Njia hiyo ikaenea katika nchi nyingi za Asia na Afrika.

Hapa Kenya ilianza mwaka 2007 huko Kilifi. Wengi waliona ni ndoto. Pwani tulizoea kusikia kwamba watu hawatachimba choo bila kupewa saruji na bati. Lakini vijiji vilichimba. Kuta zilikuwa za udongo na fito, paa la makuti, mlango wa gunia. Havikuwa vya kupigiwa picha, lakini vilitumika, kwa sababu kila mmoja alikichimba chake mahali alipopachagua mwenyewe.

Mwaka 2011 wizara iliyosimamia afya ya umma ilizindua kampeni ya kutaka vijiji vyote vya mashambani viachane na kwenda haja nje kufikia mwaka 2013. Lengo hilo halikufikiwa kwa wakati. Lina mafunzo mawili. La kwanza, kijiji kikiamua chenyewe kinaweza kubadilika katika miezi michache. La pili, uamuzi hautoki Nairobi kwa tarehe. Kila kijiji lazima kifanye mkutano wake na kufikia uamuzi wake.

Jinsi ya kupanga pamoja, hatua kwa hatua

Sasa, msikilizaji, chukua kalamu na karatasi. Nitaeleza hatua saba. Hazitaki ujuzi mkubwa. Tutatumia mfano wa choo, lakini hatua ni zile zile hata kama shida yenu ni jalala, mtaro ulioziba, moshi wa kuchoma taka au kisima kichafu.

Hatua ya kwanza: Iteni watu, na muangalie nani hakuja. Zungumzeni na mzee wa kijiji, naibu wa chifu, mhudumu wa afya ya jamii na afisa wa afya ya umma wa eneo lenu. Chagueni saa inayofaa. Mkutano wa saa nne asubuhi unawapata wazee wa kiume na watu wasio na haraka. Mama anachota maji, mchuuzi yuko sokoni, kijana wa bodaboda yuko kazini. Hao ndio wanaojua habari nyingi. Mkiona kiti chao ni kitupu, badilisheni saa. Na mtu anayetembea kwa magongo au asiyeona, kamfuateni nyumbani. Choo kisichomfaa yeye hakijakamilika.

Hatua ya pili: Choreni ramani chini. Tafuteni uwanja mpana. Majani yawe nyumba, mawe yawe visima, kamba iwe mto au barabara. Kila mtu asimame mahali pa nyumba yake. Kisha wapeni majivu, na kila mmoja amwage kidogo mahali anapokwenda haja yeye na watoto wake, hata usiku, hata wakati wa mvua. Mwanzoni watu watacheka. Halafu kicheko kitapungua, kwa sababu majivu yatakuwa yameizunguka mito, visima na nyumba. Ramani ya ardhini ina uzuri wake: asiyejua kusoma anachangia sawa na mwalimu.

Hatua ya tatu: Tembeeni. Ondokeni kwenye ramani mwende mahali penyewe. Pitieni nyuma ya shule, kando ya mto, vichakani. Msiharakishe wala msizibe pua. Tazameni maji ya mvua yanaelekea wapi. Tazameni kisima kiko umbali gani na choo kilicho karibu. Tunashauri choo cha shimo kiwe umbali usiopungua mita 30 kutoka kwenye kisima, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, shimo lisichimbwe mpaka likagusa maji. Muulizeni afisa wa afya ya umma aje mtembee naye, kwa maana hapa ujuzi wake unahitajika sana.

Kuna jambo moja ambalo huwafanya watu waelewe bila mahubiri. Mwezeshaji anaomba gilasi ya maji safi ya kunywa. Anauliza nani atakunywa, na wengi wanakubali. Anang'oa unywele, anaugusisha kwenye kinyesi, anauchovya ndani ya gilasi, kisha anauliza tena. Hakuna anayekubali. Halafu anauliza: "Nzi ana miguu mingapi?" Watu wanajibu: "Sita." Hapo hana haja ya kuendelea. Kila mtu anakumbuka chakula cha mchana kilichoachwa wazi.

Hatua ya nne: Hesabuni. Tuseme kijiji chenu kina nyumba 80, kila nyumba watu watano. Hao ni watu 400. Tuseme nusu yao, watu 200, huenda porini, na kila mmoja anaacha robo kilo kwa siku. Hizo ni kilo 50 kila siku. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 18,000, yaani zaidi ya magunia 200 ya kilo 90. Ulizaneni: magunia hayo yamekwenda wapi? Ghala lake liko wapi?

Kisha hesabuni na pesa. Kila familia iseme ilitumia kiasi gani mwaka uliopita kwa nauli ya hospitali, kwa dawa, na siku ngapi za kibarua zilipotea kwa kumwangalia mgonjwa. Jumlisheni mbele ya watu wote. Mara nyingi familia itagundua kwamba fedha zilizokwisha kwa kuhara zingetosha kulipa mchimba shimo.

Hatua ya tano: Chagueni kipi kianze. Shida zitakuwa nyingi: choo, jalala, kisima, mtaro, mbu. Mkitaka kufanya yote kwa pamoja hamtafanya hata moja. Andikeni au choreni kila shida kwenye karatasi, mzipange chini. Kila mtu apewe punje tatu za mahindi aziweke kwenye shida anazoona ni nzito zaidi. Wanawake wapige kura yao peke yao kwanza, wanaume peke yao, vijana peke yao, ndipo mlinganishe. Mtashangaa. Wanaume wanaweza kutaja barabara, na wanawake wakataja giza la njia ya chooni. Mkijua tofauti hizo ndipo mnaweza kupanga kwa haki.

Hatua ya sita: Andikeni mpango wa kazi. Usiwe mrefu. Karatasi moja inatosha. Iwe na nguzo nne: kazi gani, nani atafanya, kwa vitu gani, na itakwisha lini. Msiandike "jamii itasafisha kisima". Jamii haina mikono. Andikeni jina la mtu na tarehe. Tenganisheni pia mambo ya aina tatu: tunayoweza wenyewe, kama kuchimba shimo, kufunika jalala, kuweka mtungi uliotobolewa wa kunawia mikono, tunayohitaji kusaidiwa ujuzi, kama kupima maji ya kisima, na yale ambayo ni wajibu wa serikali, kama kujenga mfereji mkubwa au kukusanya taka za soko. Msiyachukue ya serikali mkayafanya yenu, wala msiyaache yenu mkingoja serikali.

Hatua ya saba: Fuatilieni. Chagueni watu wachache, wanawake na wanaume, wapite nyumba kwa nyumba kila wiki. Ramani mliyoichora chini ihamishiwe kwenye karatasi kubwa, ibandikwe mahali pa wazi. Nyumba iliyomaliza choo ipakwe rangi. Watu wakiiona ramani ikibadilika, wanajitahidi. Na choo kikijaa au kikibomoka kwa mvua, mpango uwe umeshasema kitafanywa nini. Vijiji vingi hurudi nyuma si kwa ukaidi bali kwa sababu shimo lilianguka mwezi wa Mei na hakuna aliyekuwa amepanga habari ya Mei.

Mjini je?

Najua kuna msikilizaji anayesema: "Sista, hayo ni ya mashambani. Mimi ni mpangaji. Ploti si yangu, hata mahali pa kuchimba shimo hakuna." Unasema kweli, na shida yako ni nzito. Mjini choo kimoja kinatumiwa na nyumba nyingi, kinalipiwa, na usiku kinafungwa. Ndiyo asili ya ile mifuko inayotupwa gizani ambayo watu huiita vyoo vya kupaa.

Lakini hata mjini wakazi wamepanga. Mwezi wa Agosti mwaka 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu. Hapo pana Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, na takriban familia 100,000. Kutangazwa huko hakukuanguka kutoka mbinguni. Kwa miaka kadhaa wakazi wenyewe, wakiwa pamoja na Muungano wa Wanavijiji na mashirika mengine, walikuwa wamekwenda mlango kwa mlango wakihesabu nyumba, vyoo na bomba za maji, na kuandika bei wanazolipa.

Walifanyaje kuusikiza umati mkubwa hivyo? Walianzia chini. Familia kumi kumi zilikaa pamoja zikachagua mwakilishi, na wawakilishi hao wakabeba maoni kwenye ngazi ya juu yake, hadi kwenye meza ya wataalamu wa maji, afya, barabara na sheria. Moja ya mambo yaliyotokana na kazi hiyo ni mabomba membamba ya majitaka yanayoweza kupita katika vichochoro ambamo bomba kubwa la kawaida haliwezi kupita.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mwishoni mwa mwaka 2021 nyumba nyingi za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa ili kupisha barabara, na maelfu ya watu wakaachwa bila makao, hata ingawa mpango ulikuwapo. Kwa hiyo mpango ni kitu cha kulindwa. Wekeni nakala, jueni namba ya barua, jueni nani alitia sahihi, na endeleeni kukutana hata baada ya wageni kuondoka.

Kwa mpangaji mmoja mmoja, anzeni na ploti yenu. Nyumba kumi zenye choo kimoja ni kikundi tayari. Kaeni jioni moja, mkubaliane zamu za kuosha, nani anaweka ufunguo usiku, na mwende kwa mwenye nyumba mkiwa kumi na karatasi moja. Mpangaji mmoja akilalamika huambiwa ahame. Wapangaji kumi husikilizwa.

Haki yenu, na kalenda yenu

Kushiriki katika kupanga hakutokani na hisani ya mtu yeyote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 43 kinataja haki ya maji safi na salama ya kutosha, na usafi wa kiwango kinachofaa. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kutunza mazingira. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, usafi, taka na zahanati ziko mikononi mwa kaunti.

Lakini haki bila kalenda ni kama dawa bila maji ya kumezea. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Watu wengi huenda kwa mwakilishi wadi mwezi wa Juni na barua ya kuomba mtaro, wakaambiwa bajeti imefungwa. Wanaambiwa kweli. Kwa sheria, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa matumizi hupelekwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti hupelekwa kufikia tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo mpango wenu uwe tayari mapema, mwezi wa Julai au Agosti, ili ombi lenu liingie katika mpango wa mwaka unaofuata. Kisha mrudi mwezi wa Februari na mwezi wa Aprili mkaangalie kama bado limo.

Mkienda kwenye kikao cha maoni ya wananchi, msiende na malalamiko matupu. Nendeni na ramani yenu, hesabu yenu na karatasi yenu ya mpango. Afisa anaweza kupuuza kelele. Ni vigumu zaidi kupuuza ramani iliyochorwa na watu 200 na kutiwa sahihi.

Karibu na kwenu pia mna kitengo cha afya ya jamii, mpango ulioanza mwaka 2006, ambapo kila kitengo huhudumia takriban watu 5,000. Kitengo kinatakiwa kuwa na siku ya mazungumzo, ambapo takwimu za magonjwa husomwa mbele ya wakazi, na siku ya kazi, ambapo watu hutoka na majembe. Uliza mhudumu wako wa afya: siku ya mazungumzo ijayo ni lini? Hapo ndipo sisi wauguzi tunapoweza kuwaonyesha ni watoto wangapi waliohara mwezi huo na wametoka upande gani wa kijiji.

Mambo ya kuangalia

Kabla sijawaaga, nitaje mitego minne.

Mtego wa kwanza ni kuaibisha watu. Kuona aibu kwa pamoja ni tofauti na kumwaibisha mtu mmoja. Mjane mzee asiye na nguvu, au mgonjwa, asitajwe barazani wala kutozwa faini. Vijana wamchimbie. Harambee ni ya kazi pia, si ya pesa tu.

Mtego wa pili ni kamati ya mtu mmoja. Mwenyekiti, mweka hazina na mwenye stoo wakiwa nyumba moja, watu watakaa kando. Fedha zisomwe mbele ya wote kila mwezi.

Mtego wa tatu ni mkutano wa kutia sahihi. Mtu anakuja na mpango uliokwisha kuandikwa, anagawa soda, anazungusha daftari la majina, halafu anasema wakazi walishirikishwa. Kabla ya kutia sahihi, uliza: "Je, tukikataa jambo moja humu, litabadilishwa?" Kama jibu ni hapana, hapo hamkushirikishwa, mmearifiwa tu.

Mtego wa nne ni kuacha wakati ugonjwa umepungua. Kipindupindu kikiondoka, watu hupumua na majembe hurudi stoo. Lakini wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu na hakuna wagonjwa, ndio wakati mzuri wa kuchimba. Mvua ikianza, maji hayatangoja mkutano.

Maswali ya kikundi cha wasikilizaji

Mkimaliza kusikiliza au kusoma, jadilianeni maswali haya. Ni kitu gani katika kijiji au mtaa wetu kinaleta ugonjwa, ambacho mgeni hawezi kukiona? Ni mradi gani ulikuja hapa ukafa, na ni swali gani ambalo hatukuulizwa? Katika mkutano wetu wa mwisho, nani hakuwapo, na kwa nini? Ni kazi gani moja tunayoweza kuimaliza wenyewe kabla ya mvua ijayo, na ni jina la nani litaandikwa mbele yake?

Mpendwa msikilizaji, mimi nikiwa zahanati naweza kumtibu mtoto wako leo. Siwezi kujua kwamba njia ya kisima inapita nyuma ya kichaka kinachotumiwa na watoto wa shule. Wewe unajua. Jumapili hii, baada ya kanisa, au Ijumaa baada ya swala, waambie watu watano wabaki nyuma kidogo. Mwulizane swali la kwanza kati ya hayo manne. Watano hao wakikubaliana siku ya kuchora ramani, mwiteni afisa wa afya ya umma na muuguzi wa zahanati yenu. Tutakuja, na tutakuja na majivu yetu.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuhifadhi maji ya kunywa nyumbani. Hadi wakati huo, nawa mikono kwa sabuni, funika chakula, na ubaki na afya njema. Kwaherini.